Vitabu vya Mwalimu Nyerere kuhusu siasa na mambo ya nje: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ambayo wasomaji huyauliza kila maandishi ya Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, Rais wa kwanza wa Tanzania, yanapotajwa. Baadhi ya majibu ni ya mistari miwili, mengine ni marefu kwa sababu maswali yenyewe ni mazito. Ushauri mmoja utajirudia, basi niutoe mapema: kabla hujasoma hotuba yoyote ya Mwalimu, tazama tarehe yake na ujue nani walikuwa wameketi mbele yake siku hiyo.

Mwalimu aliandika vitabu vingapi vya siasa?

Idadi inategemea unachokiita kitabu. Alitoa vijitabu, nyaraka za chama, hotuba zilizochapwa moja moja, mikusanyo ya hotuba na tafsiri. Nguzo ni mikusanyo mitatu iliyochapishwa na Oxford University Press: Freedom and Unity (Uhuru na Umoja), chenye maandishi ya 1952 hadi 1965, Freedom and Socialism (Uhuru na Ujamaa), cha 1965 hadi 1967, na Freedom and Development (Uhuru na Maendeleo), cha 1968 hadi 1973. Pembeni yake kuna kitabu chembamba cha 1968 kilichokusanya insha za ujamaa, na Binadamu na Maendeleo cha 1974. Mwaka 1977 alitoa Azimio la Arusha Baada ya Miaka Kumi. Miaka ya tisini, akiwa amekwisha ng'atuka, akaandika Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania.

Baada ya kifo chake, tarehe 14 Oktoba 1999, Taasisi ya Mwalimu Nyerere ilishirikiana na wachapishaji kutoa mikusanyo mingine inayoendeleza ile mitatu. Humo ndimo zilimo hotuba nyingi za ukombozi wa kusini mwa Afrika, kutofungamana na upande wowote, na uchumi wa dunia.

Mbona jalada lina jina la Kiswahili lakini ndani ni Kiingereza?

Mikusanyo mitatu mikubwa ilibeba majina mawili kwenye jalada, lakini matini yake ni ya Kiingereza. Hotuba nyingi zilitolewa kwa Kiswahili kwanza, hasa za Bungeni na za mikutano ya TANU, chama chake kilichokuwa kikitawala, kisha zikatafsiriwa. Ukiagiza Uhuru na Ujamaa ukitegemea Kiswahili, utashangaa.

Kwa Kiswahili nisome nini, basi?

Vipo vya kutosha. Anza na Tujisahihishe, kijitabu cha 1962. Ni kifupi, unakimaliza kwa mkao mmoja, na kinawasema wanachama wa TANU waziwazi: ubinafsi, woga wa kusema kweli, tabia ya kupima hoja kwa kumtazama aliyeitoa badala ya kuitazama hoja. Kisha Azimio la Arusha, Elimu ya Kujitegemea na Ujamaa Vijijini, yote ya 1967. Halafu Binadamu na Maendeleo. Mwisho Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania, ambacho nadhani ndicho kitabu chake chenye hasira kuliko vyote, na Kiswahili chake ni kikali, kimenyooka, hakina maneno ya kujaza ukurasa.

Nataka mambo ya nje tu. Nianzie wapi?

Anza na waraka wa Juni 1966 alioupeleka kwa Halmashauri Kuu ya TANU, ambao katika Uhuru na Ujamaa unaitwa Principles and Development. Mwalimu alikuwa anajibu manung'uniko ya watu wake mwenyewe, si ya mabalozi. Watu walikuwa wanauliza: hii misimamo yetu ya nje inatuletea nini zaidi ya kukosa misaada?

Naye hakuwakwepa. Alipanga mezani hasara moja baada ya nyingine. Baada ya Muungano wa Aprili 1964 kulikuwa na mvutano na Ujerumani Magharibi, kwa sababu Ujerumani Mashariki ilikuwa na ubalozi Zanzibar na haikukubali kufutika kabisa. Tanzania iliporuhusu ofisi ya konseli ya Ujerumani Mashariki Dar es Salaam mwaka 1965, Bonn, yaani serikali ya Ujerumani Magharibi, iliondoa msaada wake wa kijeshi. Mwalimu akawaambia waondoe na uliobaki. Desemba mwaka huohuo Tanzania ikavunja uhusiano na Uingereza kwa ajili ya Rhodesia (leo Zimbabwe), na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukazuiwa. Kwa nchi iliyokuwa na miaka minne tu ya uhuru, hizo zilikuwa fedha nyingi mno.

Ninachokipenda katika waraka huu ni kwamba hasemi msimamo ni wa bure. Anakiri kwamba miradi itachelewa, anaeleza kwa nini, na anawaachia wajumbe wapime. Viongozi wengi huandika kuhusu kanuni. Wachache huandika kanuni pamoja na bei yake. Ukishausoma waraka huu, hotuba zake nyingine zote za mambo ya nje zinafunguka.

Baada ya hapo soma hotuba ya Mwanza ya tarehe 16 Oktoba 1967 kuhusu sera ya nje, kisha ile ya Toronto ya tarehe 2 Oktoba 1969.

Hotuba ya Toronto ina nini cha pekee?

Wasikilizaji wake. Alikuwa chuo kikuu nchini Kanada, nchi mwanachama wa NATO, umoja wa kijeshi wa nchi za Magharibi, akieleza kwa nini wapigania uhuru wa Msumbiji, Angola, Rhodesia na Afrika Kusini wanapokea silaha kutoka nchi za kikomunisti. Hoja yake ilikuwa rahisi na ngumu kuijibu: watu walionyimwa njia ya amani watapigana, wakipigana wanahitaji silaha, nchi za Magharibi haziwapi, na Ureno inayowapiga ni mshirika wenu katika NATO, basi watazichukua kwa anayewapa. Je, hilo linawafanya kuwa wakomunisti? Hakuwatukana wenyeji wake hata mara moja. Aliwapeleka hatua kwa hatua mpaka wakabaki na swali mikononi mwao.

Ukitaka kujifunza jinsi ya kubishana na mtu mwenye nguvu kuliko wewe bila kumpigia magoti na bila kumpigia kelele, hotuba hii ni darasa.

Kwa nini alivunja uhusiano na Uingereza mwaka 1965?

Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia chini ya Ian Smith walijitangazia uhuru wao. Mawaziri wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, OAU, walikutana Addis Ababa mwanzoni mwa Desemba wakaazimia kwamba Uingereza isipouzima uasi huo kufikia tarehe 15, nchi wanachama zivunje nayo uhusiano. Siku ilipofika, nchi chache tu ndizo zilizotimiza. Tanzania ilikuwa mojawapo.

Hotuba aliyoitoa Bungeni tarehe 14 Desemba, siku moja kabla, imo katika Uhuru na Ujamaa kwa jina The Honour of Africa, yaani Heshima ya Afrika. Msingi wake ni ahadi: Afrika imesema itafanya jambo; isipolifanya, nani atatusikiliza tena? Uhusiano ulirejeshwa mwaka 1968, Rhodesia ikiwa bado mikononi mwa Smith, na wapo wanaosema hatua ile haikuzaa kitu. Mimi naiona tofauti. Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya OAU tangu 1963, na wapigania uhuru waliokuwa wakiishi pale walihitaji kujua kwamba mwenyeji wao haongei tu.

Biafra: alipingana na maneno yake mwenyewe?

Hili ndilo swali gumu kuliko yote, na ndilo linalonirudisha kwenye maandishi yake kila mara.

Julai 1964, katika mkutano wa wakuu wa OAU mjini Cairo, lilipitishwa azimio kwamba nchi za Afrika ziheshimu mipaka iliyoachwa na wakoloni. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyeliwasilisha. Hoja ilikuwa ya mtu anayeona mbali: mipaka ni ya kipumbavu, lakini tukianza kuichokonoa hatutamaliza vita. Kisha tarehe 13 Aprili 1968, siku aliyotimiza miaka 46, Tanzania ikawa nchi ya kwanza kuitambua Biafra, iliyokuwa imejitenga na Nigeria. Gabon, Côte d'Ivoire na Zambia zilifuata mwezi uliofuata.

Utetezi wake upo katika tamko la serikali la siku hiyo, katika makala aliyoiandika kwenye gazeti la Uingereza mwezi huohuo, na katika waraka aliowagawia wakuu wenzake wa OAU mjini Addis Ababa Septemba 1969. Yasome yote matatu kwa mfuatano. Anasema nchi huundwa kwa ajili ya watu, si watu kwa ajili ya nchi. Umoja wa taifa hauwezi kudumu ila kwa ridhaa. Waigbo waliuawa kwa maelfu kaskazini mwa Nigeria mwaka 1966, waliosalia wakakimbilia kwao mashariki, na dola haikuwalinda. Watu wakifikia kuamini kwamba dola yao haiwezi kuwahakikishia uhai, huwezi kuwaamuru waipende kwa kutumia mizinga.

Je, hilo linafuta azimio la Cairo? Kwa maoni yangu halilifuti, lakini linalipa mpaka: heshima ya mipaka ililetwa ili kuzuia mauaji, na pale inapokuwa kisingizio cha kuyaendeleza, imepoteza sababu yake. Waliompinga walikuwa na hoja nzito pia. Nigeria ilikuwa na makabila mengine mengi, na hata ndani ya Biafra walikuwemo watu wasio Waigbo ambao ridhaa yao haikuulizwa sana. Biafra ilisalimu amri Januari 1970, na Tanzania ikaikubali Nigeria moja. Usimsome Mwalimu hapa kama mshindi wala mshindwa. Msome kama mtu aliyelazimika kuchagua kati ya kanuni zake mbili, akaandika kwa nini.

Na kumbuka kwamba mtu huyuhuyu alikuwa akiulinda Muungano wa Tanganyika na Zanzibar. Alijua hoja ya ridhaa ingeweza kugeuzwa na kuelekezwa kwake. Aliiandika hata hivyo.

Yeye na Kwame Nkrumah waligombana kweli?

Walitofautiana juu ya njia. Nkrumah, Rais wa kwanza wa Ghana, alitaka serikali moja ya bara zima, na aliitaka sasa. Mwalimu aliamini katika kupanda ngazi moja moja: kwanza mashirikisho ya kanda, kisha bara. Mwaka 1960 alikuwa tayari hata kuchelewesha uhuru wa Tanganyika ili Afrika Mashariki ipate uhuru ikiwa shirikisho. Nkrumah aliyaona mashirikisho ya kanda kuwa kikwazo. Mjini Cairo, Julai 1964, Mwalimu alimjibu hadharani kwa maneno makali, na hotuba ile bado inaunguza ukiisoma leo.

Lakini usiishie hapo. Tafuta The Dilemma of the Pan-Africanist, aliyoitoa Chuo Kikuu cha Zambia, Lusaka, tarehe 13 Julai 1966, miezi michache baada ya Nkrumah kupinduliwa. Ndiyo hotuba yake ya mambo ya nje yenye huzuni ya kweli. Anaeleza jinsi kila serikali ya Afrika, kwa kufanya kazi yake vizuri, kwa kujenga utaifa, viwanda na jeshi lake, inavyojenga pia ukuta dhidi ya umoja ambao wote wanautamani. Hamlaumu mtu. Anaonyesha mtego.

Kisha ruka hadi tarehe 6 Machi 1997, mjini Accra, Ghana ikiadhimisha miaka 40 ya uhuru. Mwalimu, mzee sasa, anasimama kwenye ardhi ya Nkrumah na kusema kwamba Nkrumah alifanya juhudi kubwa kuliko wote kwa ajili ya umoja wa Afrika, na kwamba wengi wa viongozi wa kizazi chao walikuwa na maslahi katika kubaki wamegawanyika: bendera, nyimbo za taifa, viti vya Umoja wa Mataifa. Hotuba tatu, miaka 33. Ukizisoma kwa pamoja utaona jinsi mtu mwaminifu anavyobishana na mwenzake hata baada ya mwenzake kufa.

Azimio la Arusha ni kitabu chake au cha chama?

Ni waraka wa TANU. Halmashauri Kuu iliujadili Arusha tarehe 26 hadi 29 Januari 1967, ukatangazwa tarehe 5 Februari. Mwalimu ndiye aliyeuandaa, na sauti yake inasikika katika kila sehemu, hasa pale panaposema: “Tumeonewa kiasi cha kutosha. Tumenyonywa kiasi cha kutosha. Tumepuuzwa kiasi cha kutosha.”

Wengi hulisoma kama waraka wa mambo ya ndani: mashamba, mabenki, miiko ya viongozi. Lirudie ukiwa na jicho la mambo ya nje. Sehemu ndefu inayopinga kutegemea fedha ni sera ya nje kabisa. Imeandikwa miezi michache tu baada ya ule waraka wa 1966, na ni jibu la pili kwa swali lilelile. Ikiwa mikopo inaweza kuzuiwa kwa sababu ya msimamo wako, basi nchi inayojenga mipango yake juu ya mikopo imekwisha kukabidhi msimamo wake kwa mkopeshaji.

Vita vya Uganda viko katika kitabu gani?

Katika ile mikusanyo mitatu havimo, maana inaishia 1973. Majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera mwishoni mwa 1978, na Kampala ilitekwa Aprili 1979. Sikiliza hotuba ya Novemba 1978 aliyoitoa Dar es Salaam, ambayo redio bado huirudia, ile aliyosema tunazo sababu, nia na uwezo wa kumpiga Amin. Lakini isome pamoja na aliyoyasema kwa miaka mingi kuhusu OAU kunyamaza Waafrika wanapouawa na Waafrika wenzao. Alipolaumiwa katika mkutano wa OAU wa Monrovia, Julai 1979, kwa kuingilia nchi nyingine, mtu aliyewahi kuyasoma maandishi yake ya Biafra hakuwa na haja ya kuuliza angejibu nini.

Alisema nini kuhusu IMF na madeni?

Tarehe 1 Januari 1980, akiwahutubia mabalozi katika salamu za mwaka mpya, aliuliza ni lini Shirika la Fedha la Kimataifa liligeuka kuwa Wizara ya Fedha ya dunia, na ni lini mataifa yalikubali kulikabidhi mamlaka ya kujiamulia. Tanzania ilikuwa hoi wakati ule: vita vimekula fedha za kigeni, mafuta yamepanda bei, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977. Maneno yale hayakusemwa na mtu aliyeshiba.

Alipong'atuka urais 1985 hakuliacha jambo hilo. Aliiongoza Tume ya Kusini, yaani tume ya nchi zinazoendelea, kuanzia 1987, katibu mkuu wake akiwa Manmohan Singh, ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu wa India. Taarifa yao, The Challenge to the South, ilichapishwa 1990. Ni kazi ya tume nzima, kwa hiyo lugha yake ni ya kamati. Ukitaka sauti yake mwenyewe soma hotuba ya Arusha ya tarehe 12 Februari 1979 kwa mawaziri wa Kundi la 77, umoja wa nchi zinazoendelea, ambao aliuita chama cha wafanyakazi cha nchi maskini. Hapo utaona mpango mzima kabla haujawa tume.

Je, vitabu vinakubali makosa ya utawala wake?

Vingine ndiyo, na kwa uwazi. Katika Azimio la Arusha Baada ya Miaka Kumi anasema bila kuzunguka kwamba Tanzania haijawa nchi ya kijamaa wala ya kujitegemea. Anataja urasimu, uzalishaji duni, mashirika ya umma yanayokula hasara. Si kawaida Rais aliye madarakani kuandika hivyo.

Lakini msomaji asiache macho yake mlangoni. Katika Ujamaa Vijijini ya 1967 alisisitiza kwamba vijiji vya ujamaa haviwezi kujengwa kwa kulazimisha, na mwaka 1968 akaandika kwamba watu hawaendelezwi, ila hujiendeleza wenyewe. Novemba 1973 ikatoka amri kwamba kuishi vijijini ni lazima, na kufikia 1976 kila mtu awe amehamia. Operesheni ile ilihamisha mamilioni, na mahali pengi nyumba za watu zilibomolewa au kuchomwa ili wasirudi. Kitabu cha 1977 kinataja kwa fahari kwamba zaidi ya watu milioni 13 walikuwa wanaishi vijijini. Hakilingani na maandishi ya 1967 na 1968, na hakuna haja ya kulificha hilo kwa heshima. Sheria ya kuweka watu kizuizini bila kesi ya 1962 nayo haipati nafasi inayostahili katika kurasa zake.

Nampenda Mwalimu, na ndiyo sababu nasema: msomeni pamoja na watu waliohamishwa. Alitufundisha kupima hoja, na hoja zake hazimo katika msamaha.

Alibadili mawazo kuhusu chama kimoja?

Ndiyo. Januari 1963 alitetea kwa maandishi kwamba nchi inayojengwa upya haihitaji vyama viwili vinavyopingana kama timu za mpira. Februari 1990 alisema si uhaini kujadili vyama vingi, na kwamba chama pekee huelekea kulala. Mfumo wa vyama vingi ulirudi Julai 1992.

Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania kinahusu nini?

Kinahusu mwaka 1993. Zanzibar ilikuwa imejiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, OIC, bila ya Muungano kupitia taratibu zake, jambo la mambo ya nje lililozua moto wa ndani. Wabunge waliojulikana kama G55 wakadai serikali ya Tanganyika, na Agosti Bunge likalikubali azimio lao, ingawa sera ya CCM, chama tawala kilichoirithi TANU, ilikuwa serikali mbili, ya Muungano na ya Zanzibar.

Mwalimu, ambaye hakuwa na cheo chochote, alichukua kalamu. Anasimulia mkutano baada ya mkutano: nani alisema nini, nani alinyamaza, nani alibadilika usiku. Hoja yake kuu si Muungano peke yake. Ni kwamba kiongozi asiyekubaliana na sera ya chama chake ana njia mbili za heshima, kuibadili kwa utaratibu au kujiuzulu, na kwamba washauri wanaompotosha Rais wawajibike. Akawataja Waziri Mkuu John Malecela na Katibu Mkuu wa CCM Horace Kolimba, akisema waondoke. Kitabu kilichapishwa Harare, si Dar es Salaam. Desemba 1994 Malecela aliondolewa uwaziri mkuu.

Unaweza kukataa serikali mbili na bado ukajifunza kitu kikubwa humu kuhusu uwajibikaji. Wapo wanaotaka serikali tatu ambao hukinukuu kuliko wapinzani wao.

Aliandika mwenyewe, au aliandikiwa?

Aliandika mwenyewe, na alikuwa na msaidizi hodari. Joan Wicken, Mwingereza, alifanya naye kazi tangu mwanzo wa miaka ya sitini hadi miaka ya tisini, akisaidia rasimu, utafiti na uhariri wa mikusanyo. Utangulizi mrefu wa Uhuru na Umoja na wa Uhuru na Ujamaa usirukwe. Watu wengi huufungua ukurasa wa hotuba moja kwa moja na kukosa muhtasari bora wa fikra zake.

Na tafsiri za Shakespeare?

Tafsiri ya Julius Caesar ilitoka 1963, ikarudiwa 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari, na Mabepari wa Venisi ikatoka 1969. Si vitabu vya siasa, ingawa mtu aliyetafsiri kisa cha kumuua mtawala akiwa yeye mwenyewe Rais anastahili kusomwa kwa makini.

Je, aliacha kitabu cha maisha yake?

Hapana. Ali Hassan Mwinyi aliacha Mzee Rukhsa (2021) na Benjamin Mkapa My Life, My Purpose (2019). Mwalimu hakuandika. Wasifu mkubwa ni Development as Rebellion wa 2020, juzuu tatu za Issa Shivji, Saida Yahya-Othman na Ng'wanza Kamata.

Nukuu zinazozunguka WhatsApp ni za kweli?

Nyingi hazina anwani. Nukuu ya kweli ina tarehe, mahali na jina la hotuba. Isiyo na hivyo, usiisambaze, hata kama inakufurahisha. Mwalimu amewekewa mdomoni maneno ya kila chama na kila mgombea, na kumlinda dhidi ya hilo ni kazi ya wasomaji wake.

Vinapatikana wapi?

Duka la vitabu la TPH, barabara ya Samora, Dar es Salaam, huwa na baadhi, hasa vya Kiswahili na matoleo mapya. Vya zamani tafuta kwa wauza vitabu vilivyotumika. Kwa utafiti kuna Maktaba Kuu ya Taifa, maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Kavazi la Mwalimu Nyerere lililoko COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Butiama, alikozaliwa na kuzikwa, kuna makumbusho yake.

Kikundi chetu kina jioni moja tu. Tusome nini?

Msichukue kitabu kizima. Gaweni nakala za waraka wa 1966 na sehemu ya Azimio inayohusu fedha. Mmoja asome kwa sauti zile hasara za Ujerumani na Uingereza, kisha kila mmoja aseme angekuwa mjumbe wa Halmashauri Kuu siku ile angepiga kura vipi, na kijiji chake angekieleza nini aliporudi. Jioni ikibaki na nafasi, fungueni Biafra.